Kanda ya Bendi ya Maporomoko

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Jinja. Kwa Topista nimekula nusu sahani ya matoke. Nusu ya pili ameiharibu Barasa. Ametangaza mezani kwamba Bendi ya Maporomoko itatoa santuri kubwa Nairobi: nyimbo kumi za mwanzo, za enzi zile tulipopiga roki mpaka mabati ya ukumbi yakalegea. Nikamuuliza nani aliziimba. Akasema yeye. Mwongo! Mwaka 1967 mwimbaji nilikuwa mimi. Barasa alibeba nyaya. Topista, mwenye mkahawa, amecheka mpaka akatua sufuria, akaniuliza tangu lini Otiende anaimba. Imeniuma. Kutoka kwa Topista imeniuma hasa.

Njia ya mwongo fupi. Ushahidi upo: kanda aliyoturekodia Mwalimu Mafabi, anayekaa Nkoma, Mbale. Barasa ataifuata Jumamosi. Mimi Jumatano.

Jumanne, 6 Agosti

Kwa Afande Bakhit, aliyepewa duka la santuri baada ya Mhindi mwenye duka kufukuzwa. Santuri zimebaki tatu. Kilichojaa ni chumvi. Lakini mashine ya kanda ipo, nzima. Nikamweleza: nyimbo za mwanzo za bendi yangu, picha yangu juu ya jalada. Akauliza kama watu watacheza. Nikasema hata waliokufa wataomba nafasi. Akasema vizuri, Ijumaa ataalika rafiki zake wasikilize. Ikiwa nzuri, kibali cha kuivusha mpaka ni juu yake. Ikiwa namdanganya... Sentensi hiyo hakuimaliza. Nimeimalizia mwenyewe njiani kurudi nyumbani Mafubira.

Nimepiga picha ya jalada. Gitaa ni la jirani yangu Enos. Halina nyuzi, ila kwa mbali halionyeshi.

Jumatano, 7 Agosti

Mbale. Nilisahau jambo dogo. Huu ni mwaka wa shufwa, na Agosti ya mwaka wa shufwa Wagisu hutahiri vijana wao. Wanaosubiri kisu wanazunguka mji mzima wakicheza, njuga mapajani, unga usoni, filimbi kila kona. Sisi Wajaluo hatuna mila hiyo, na wenyeji wanajua. Kina mama wawili pale stendi wameniuliza, kwa heshima zote, kama bwana yuko tayari au bado. Nikajibu zamani sana, kwa sauti nzito, nikaongeza mwendo.

Mwalimu hayupo, yuko kwenye ngoma ya mpwa wake Mugweri. Mkewe, Nanyama, amenipa boksi la kanda. Limeandikwa: Maporomoko, 1967. Amenisihi nimngoje mumewe, ana neno kuhusu hiyo kanda. Nikasema sina muda. Njuga zilikuwa zinapanda barabara.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimempitishia Barasa boksi mbele ya pua. Ameniita kando. Yuko radhi jalada liseme mwimbaji wa kwanza ni Otiende, na kwa Topista atakiri mwenyewe. Ndilo nililotaka tangu Jumatatu. Nimekataa. Nigawane jalada na mbeba nyaya? Akauliza kama nimeisikiliza kanda. Nikasema sauti yangu naijua.

Ijumaa, 9 Agosti

Dukani kwa Afande: askari sita, Topista na birika lake la chai, na Barasa, ambaye hakualikwa. Afande akawasha. Sauti yangu, safi kabisa: moja, mbili, tatu, nne. Topista akanigeukia. Hajawahi kunitazama vile. Nilikuwa mtu kwa muda wa pumzi moja.

Kisha njuga. Filimbi. Watu kama arobaini wakiimba Kigisu, na Mwalimu Mafabi akitangaza kwamba kijana anaitwa Mugweri na leo ni tarehe nne Agosti. Jumapili iliyopita! Kanda mpya siku hizi zimeadimika kama sukari. Mwalimu amerekodi juu yetu. Nikatazama mlango. Askari mmoja alikuwa ameuegemea.

Ila mguu wa Afande ulikuwa unacheza. Halafu Afande mzima. Amesema bendi ndiyo hii, na ameniamuru niilete yote kwenye karamu yake Jumamosi ijayo, tarehe kumi na saba. Barasa amemhakikishia kwamba yeye hajawahi kuwa mwanachama.

Jumapili, 11 Agosti

Neno la mwalimu nimelijua leo. Kabla ya ngoma alizihamishia nyimbo zetu kwenye kanda nyingine. Aliacha ile hesabu tu, kwa kuwa si wimbo. Jana Barasa alimngoja kule Mbale, akapewa kanda hiyo. Leo amekuja kwa Topista na mashine ya kuazima. Nilisikiliza nikiwa mlangoni. Ni mimi, nyimbo zote kumi, na niliimba vizuri kuliko nilivyokumbuka. Topista alijifuta macho kwa upindo wa gauni lake la gomesi, akamwambia Barasa hakujua ana sauti tamu hivyo. Barasa akashukuru. Nikasema ni mimi. Topista akanijibu kwa upole kwamba sauti yangu aliisikia Ijumaa. Mimi ni yule wa kuhesabu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu, 12 Agosti

Mpango mpya, na huu hauna kasoro. Jumatano naenda Mbale kuwaleta wale arobaini wa Afande. Nitawaongoza mimi, nitaimba mbele, nitawarekodi. Itakuwa santuri yangu peke yangu. Picha ninayo. Njuga nimeshaazima, na nitashuka stendi nimezivaa mapajani, ili wale kina mama waone kwamba mimi ni mwenzao. Enos anasema nimngoje shemeji yake, ambaye ni Mgisu, ana neno kuhusu hizo njuga. Nimemwambia sina muda.