Waraka wa Meza Inayopasua

Ieleweke na watu wote kwamba Waraka Namba Moja wa Ofisi ya Tafsiri za Vibao ulikuwa waraka bora kabisa, na nasema hivyo kwa sababu niliuandika mimi. Nilikuwa Mkurugenzi wa ofisi hiyo, katika hospitali kubwa ambayo vibao vyake vyote vilikuwa vya Kiingereza, na wagonjwa wa macho walikuwa wakijikuta kwenye foleni ya wajawazito.

Waraka ulisema: Kiingereza kikiweka kitenzi mbele ya jina la kitu, kitu hicho ndicho kinachotenda. Nilifanya utafiti kwa dobi wa hospitali. Washing machine: Mashine Inayofua. Niliitazama dakika tano. Kweli ilikuwa inafua. Utafiti ukafungwa.

Mfasiri wetu, mama mpole mwenye miaka ishirini kazini, akakohoa kidogo.

"Mkuu, hapo umebahatisha. Mashine inafua, sawa. Lakini fimbo ya kutembelea haitembei. Anayetembea ni mwenye fimbo. Kiingereza kinaviandika vile vile, ila msomaji anajiuliza: hiki ndicho kinachofanya, au ni cha kufanyia?"

"Mama, kanuni haijiulizi."

"Na maji ya kunywa je?"

"Maji Yanayokunywa. Bandika."

Wiki haikuisha tukawa na Chumba Kinachosubiri, ambamo hakuna aliyethubutu kukaa kabla ya kujua kinamsubiri nani. Bomba la maji nalo watu walilichungulia kwa mbali. Niliandika kwenye ripoti kwamba msongamano umepungua.

Siku ya Jumatatu akaletwa mzee mmoja mwenye ngiri iliyojikaza. Daktari alisema asipopasuliwa mara moja, hamalizi siku. Machela ikafika mlango wa upasuaji, mzee akasoma kibao: MEZA INAYOPASUA. Akateremka, kashika tumbo, gauni la hospitali wazi nyuma.

"Mimi nilitia saini kupasuliwa na daktari," alisema. "Habari za meza simo."

"Baba, panda, nakusihi!" binti yake alilia.

"Panda wewe."

Daktari alinijia mbio. Nikamweleza kwa upole kwamba kibao hubadilishwa kwa fomu, na kamati hukaa Alhamisi.

"Alhamisi tutakuwa matangani!"

Wakati tunashauriana, mfasiri alikuwa amekwisha kukibandua kile kibao kwa kucha. Akakigeuza, akaandika kwa kalamu yake MEZA YA KUPASULIA, akamwonyesha mzee.

"Baba, hii meza imejilaza tu kama unavyoiona. Mwenye kisu ni huyu, na amekisomea."

Mzee akamtazama daktari, akaitazama meza, akapanda. Jioni alikuwa anaomba chai na kulalamika kuwa haina sukari.

Nilifurahi, lakini nidhamu ni nidhamu. Nikamwita mfasiri, nikamsomea mashtaka yake mwenyewe ayaandike, yaende Tume ya Utumishi. Alipofika mahali pa cheo changu akasita. Barua yangu ya uteuzi ilikuwa ya Kiingereza, na nafasi yenyewe nilikuwa nimeishikilia kwa muda tu.

"Mkuu, cheo chako nikitafsiri kwa waraka au kwa akili?"

"Kwa waraka!"

Akaandika. Nikasaini bila kusoma, kama ifaavyo kwa mtu wa ngazi yangu.

Majibu yalikuja baada ya siku tatu. "Tumepokea barua ya Mkurugenzi Anayeigiza. Tunakushukuru kwa kukiri mwenyewe. Kwa kuwa anayeigiza si mkurugenzi, mashtaka hayapo. Mfasiri ashike ofisi hadi apatikane wa kudumu."

Nilimkimbilia. "Mama, Kiingereza kilisema acting, maana yake nakaimu!"

"Najua, ndugu yangu. Si nilikuuliza?"

Nikaandika barua ya kuufuta waraka. Ikarudi siku hiyo hiyo: haipokeleki, imesainiwa na mwigizaji. Mwenye uwezo wa kuufuta alikuwa mkuu wa ofisi peke yake. Mama akaufuta asubuhi iliyofuata, kwa mstari mmoja, bila kamati.

Leo mlangoni kwake pana kibao: KAIMU MKURUGENZI. Nimekisoma mara kumi nikitafuta kosa. Halipo, na hilo ndilo linaloniuma.