Nafasi ya Viganja Viwili Mgongoni

Alhamisi, 25 Mei

Mwanangu Ngân karudi na shati lake la shule. Ndiyo desturi: wiki ya mwisho ya darasa la kumi na mbili wanaandikiana kwenye mashati meupe, kila mtu na neno lake la kuagana. Nimelisoma lote alipokuwa anaoga. Sikuchungulia. Mama hachungulii, anakagua.

“Ngân kichwa cha darasa.” “Asante kwa hesabu, bila wewe ningezama.” Sawa kabisa. Hayo nimeyasema sokoni miaka mitatu.

Mawili yameniudhi. Moja, katikati ya mgongo pameachwa peupe. Nimepima, viganja vyangu viwili vinaenea. Watoto arobaini, na anayewaongoza darasani anaachwa mgongo mtupu! Waliishiwa wino? La pili ni baya zaidi. Juu ya mfuko, upande wa moyo, kwa wino wa zambarau: “Tuonane Saigon. K.”

K ni Khải, mtoto wa jirani yangu Hường, muuza chè, ule uji mtamu wa maharage. Nani mwingine? Hường wiki nzima ananichekea tu.

Saigon haimo kwenye mpango. Mpango ni chuo cha ualimu cha Cao Lãnh. Asubuhi basi, jioni yuko mezani kwangu anakula samaki. Nyumba yetu ni ya watu wawili. Ukitoa mmoja, hiyo si nyumba tena, ni stoo.

Ijumaa, 26 Mei

Mimi ni dobi. Miaka kumi na tisa sasa. Nimewahi kutoa damu ya bata kwenye gauni la bibi harusi, wageni wakiwa mlangoni. Mstari mmoja wa zambarau ndio unishinde?

Ngân kaenda kudurusu. Nikalitandaza shati kwenye beseni. Ndimu, chumvi, na dawa ya madoa kidogo kwa ncha ya kijiti. K ikaondoka taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Nikajisifu kwa sauti.

Hapo Hường akabisha hodi. Niliporuka nikakumba kitu, sikugeuka kutazama. Alitaka kuazima ungo, akakaa, akanipasha kwamba Khải ndiye atakayebeba bendera siku ya kufunga shule. Nikamwambia bendera hata mlingoti unabeba. Ngân atasoma risala. Tukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa.

Kumbe nilichokumba ni kopo la dawa. Limemwagikia beseni lote. Shati jeupe pe, kama siku niliyolinunua. Sijawahi kufua vizuri hivyo maishani mwangu. Mbingu zinisitiri.

Jumamosi, 27 Mei

Mpango mpya. Nimemwambia Ngân nimelificha shati mende wasilitafune. Kisha nikapika sufuria ya wali wa kunata na maharage mekundu, chakula cha bahati, nikaenda kuwavizia wenzake kwenye geti la shule. (Ndizi nilishazipiga marufuku tangu Machi. Huendi kwenye mtihani na kitu kinachoteleza tumboni.)

Anayeandika upya, anakula. Wameandika ishirini na tisa!

Tatizo, hakuna anayekumbuka alichoandika mwanzo. Phúc, yule mrefu, akaniuliza aandike nini. Nikamsaidia kidogo. Na wengine nikawasaidia. Sasa saba kati yao wanasema akili za Ngân zimetoka kwa mama yake. Mgongoni nimewasimamia mwenyewe, wakabanana mpaka pakajaa. Mwanangu hataonewa mara mbili.

Jumapili, 28 Mei

Nimeenda na shati kwa Hường kumkabili Khải. Kijana kaandika kwa adabu: “Ngân, nirudishie kitabu cha kemia.” Nikamuuliza habari za Saigon. Akashangaa. Yeye haendi popote, anabaki kumsaidia mama yake kuuza chè.

Hường akainamia sufuria yake, lakini nilimwona. Tabasamu lile lile. Halikuwa la kunicheka mimi hata kidogo. Nimemwonea wivu mpaka nikasahau kudai ungo wangu.

Jioni kaja Kiều, anayekaa dawati moja na Ngân tangu darasa la kwanza na kula kwangu nusu ya milo yake. Nikampa kalamu. Akasema, “Mama, yale ya zambarau yalikuwa yangu. Tumeshapata chumba, mimi na Ngân. Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kukwambia.”

Akaandika tena, maneno yale yale, pale pale. Mimi ndiye niliyelivuta shati lisikunjamane. Nikampa wali wote uliobaki.

Jumatatu, 29 Mei

Ngân kaliona shati. Kalisoma lote, kisha akaniuliza kama kweli Phúc, asiyemaliza sentensi, ndiye aliyeandika kwamba hekima yangu ni pana kama mto. Akacheka. Nikadhani nimepona.

Akaligeuza. Akauliza, “Na hapa katikati?”

Nikajibu kwa fahari kwamba nimehakikisha pamejazwa, maana walimwacha mtupu.

“Hawakuniacha, mama. Niliwakataza. Palikuwa pako.”

Nilimwambia mara moja tu, akiwa na miaka tisa. Kwamba niliacha darasa la kumi na mbili miezi miwili kabla ya mwisho, mama yangu alipougua. Kwamba ngoma ya kufunga shule niliisikia nikiwa mtoni na nguo za watu, na shati langu la shule nililifua siku hiyo hiyo, likatoka safi, halina neno hata moja. Nilidhani alikuwa amesinzia.

Nikakiri yote, kuanzia kijiti mpaka Phúc. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jumatano, 31 Mei

Ngoma imepigwa. Nilikuwa ndani ya uwanja safari hii, safu ya tatu, maua mekundu yananidondokea kichwani. Khải alibeba bendera vizuri, nakiri. Ngân kasoma risala na sauti haikutetemeka. Nilitetemeka mimi kwa niaba yake.

Baadaye akanipa ile kalamu ya zambarau. “Andika, mama. Popote palipobaki.”

Palibaki padogo sana, juu ya mfuko, mwisho wa mstari wa Kiều. Nilikuwa nimejiandalia baraka tangu jana: nenda mwanangu, mama yako ameridhika. Nimeikariri njia nzima. Kalamu ilipogusa kitambaa, baraka ikanitoka kichwani.

Sasa panasomeka: “Tuonane Saigon. K. Na mama.”

Ngân kanikumbatia, analia, anacheka, sijui lipi. Nilisubiri amalize, kisha nikamvuta Kiều pembeni. Nikamuuliza chumba kina upana gani, na kama paa linafaa kufungwa kamba za kuanikia.

Kasema mtaa ule una dobi tayari, ana mashine nne.

Nimeshatoa damu ya bata, mimi.