Mashine Isiyokataa Kadi

Mkurugenzi aliingia duka la vyombo kununua kikombe, kwa sababu shemeji yake alikuwa amemkataza kutumia vya nyumbani. Shemeji hakusema kwa ubaya. Alisema tu kwamba vikombe vina idadi yake, watu wa nyumba hii wana idadi yao, na idadi hizo zilikuwa zikilingana vizuri kabla mke wake hajamkaribisha kaka yake "kwa siku chache." Siku chache zilikuwa zimeingia mwezi wa nne. Mkurugenzi alilala kwenye kochi la sebuleni, miguu ikining'inia, na kila asubuhi shemeji alipita mbele yake na kopo la sukari kwapani, kama mtu anayepeleka fedha benki.

Cheo cha ukurugenzi alijipa mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuona alichokuwa akikiongoza. Lakini alikuwa na koti zuri, viatu vinavyong'aa na sauti ya mtu ambaye hajawahi kudaiwa, na mjini hayo yanatosha.

Mbele yake kauntani alisimama dada mmoja wa ofisini, kitambulisho shingoni. Alikuwa amechagua seti nzima ya sufuria na mifuniko yake, na kikaango juu. Akatoa kadi. Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Vyombo, akamwambia kadi hapa hazifanyi kazi, ni keshi tu. Yule dada akajibu kwamba siku hizi hatembei na keshi, akaziacha sufuria pale pale, akaondoka. Mzee Vyombo akazirudisha rafuni moja moja, ndogo ndani ya kubwa, kwa uchungu wa mtu anayezika.

Zamu ya Mkurugenzi ikafika. Akatoa noti. Mzee Vyombo akafungua droo, akaikodolea macho, akasema chenji hana.

"Chukua kijiko cha chai badala yake."

"Mimi nimenunua kikombe, mzee."

"Ndiyo. Sasa utakorogea nini?"

Mkurugenzi akatia kijiko mfukoni mwa koti, lakini macho yake yalikuwa bado kwenye zile sufuria. Aliona duka linalofukuza wenye kadi kwa kukosa mashine na wenye keshi kwa kukosa chenji. Mwenye duka wa namna hiyo ni mgonjwa, na mgonjwa akizidiwa hanunui dawa kwa kusoma karatasi yake. Ananunua kwa kumwangalia daktari usoni. Mkurugenzi akarekebisha kola.

Alikuwa na sababu ya kufanya haraka. Upande wa pili wa mji kulikuwa na chumba alichokitamani kama wengine wanavyotamani mchumba: kina mlango wake, ufunguo wake, na rafu ndogo ambayo tayari alikuwa ameiona kwa macho ya moyo ikiwa na kopo la sukari, la kwake peke yake. Mwenye nyumba alitaka kodi ya nusu mwaka mkononi, keshi, Jumamosi asubuhi. Akichelewa, chumba kingekwenda kwa fundi cherehani mmoja, mtu asiyekuwa na tamaa wala mpango, ila tu alikuwa na hela.

Kwa hiyo Mkurugenzi alichukua akiba yake yote, akauza na saa ya mkononi, akaenda kwa fundi wa redio na simu. Nyuma ya kibanda chake fundi huyo alikuwa na lundo la mashine za kadi zilizotupwa na maduka makubwa yaliyofungwa.

"Unataka zifanye kazi au zionekane zinafanya?" fundi aliuliza. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Zionekane."

"Hiyo rahisi."

Na kweli ilikuwa rahisi. Fundi alizifuta vumbi, akatia betri na karatasi, akabadilisha kitu fulani tumboni. Kuanzia hapo ukiingiza kadi na kubonyeza namba yoyote ya siri, mashine ilifikiri kidogo, ikawasha taa ya kijani, ikalia, ikatoa risiti: MALIPO YAMEKUBALIWA. ASANTE. Fundi alimtahadharisha jambo moja. Mashine hizi hazikatai. Kukataa ni kazi ngumu, kunahitaji mtandao na benki nyuma yake.

"Mimi sina haja na inayokataa," Mkurugenzi alisema, akazipanga kwenye begi. Sentensi hiyo angekuja kuikumbuka.

Ijumaa asubuhi alianza na mwenye bucha. Hakumwambia habari za teknolojia, alimwambia habari za uchafu. Noti hii uliyoshika, alisema, unajua jana imelala wapi? Imelala kwenye soksi ya mtu. Tena keshi inaibiwa, inachanika, inaghushiwa, na kila ukiipokea inakudai chenji. Mwenye bucha alisikiliza huku akikata mbavu, hajaguswa. Ndipo Mkurugenzi akashusha sauti. Mashine za benki, alieleza, zinamkata muuzaji. Hii yake inamwongezea. Kila mteja akilipa, inaweka cha juu kidogo, na cha juu hicho ni mali ya mwenye duka. Hela zote zinaingia kesho yake jioni.

Mwenye bucha akaweka kisu chini. "Na mteja haoni?"

"Bosi wangu, mtu angekuwa anapenda kuona hela zake zinavyotoka, angetembea na kadi?"

Akalipwa hapo hapo kwa noti zenye harufu ya maini. Mzee Vyombo naye hakuchukua muda. Mkurugenzi alipofika kwenye habari ya cha juu, mzee aliinama chini ya kaunta, akatoa kopo la maziwa ya unga, akalimimina. Mle ndani mlikuwa na chenji ya mtaa mzima. Mkurugenzi aliitazama, akakumbuka kijiko chake, na dhamiri iliyokuwa ikimsumbua kidogo ikapona kabisa.

Fedha hizo zilitosha kodi ya miezi miwili. Zilizobaki zilipaswa kutoka duka la magodoro.

Mwenye duka hilo aliitwa Mama Magodoro. Alikuwa amelea watoto sita na kuwasomesha kwa kuuza vitu vya kulalia, na yeye mwenyewe hakuonekana kama mtu anayelala sana. Alimsikiliza Mkurugenzi hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Mkurugenzi aliliona ni ishara njema. Aliyewahi kumdanganya mama wa watoto sita angejua si njema hata kidogo.

Akaomba kuishika mashine. Mkurugenzi akampa, akageukia mlangoni kumwonyesha kwa mkono jinsi wateja watakavyopanga foleni hadi barabarani. Nyuma yake mashine ililia. Alipogeuka, Mama Magodoro alikuwa ameshaizima, amekunja mikono.

"Una ngapi?"

"Zimebaki nane, mama."

"Nazichukua zote. Mimi na wanawake wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wote wana maduka hapa. Rudi alasiri, nitawakusanya."

Mkurugenzi alikula mkate mkavu mchana huo na ukamwendea kama keki. Alipiga hesabu ya nane mara bei ya moja, akapata kodi, kitanda, na sukari ya kutosha kuwakaribisha maadui.

Alasiri duka lilikuwa limejaa. Wanawake wa kikundi walikaa kwenye magodoro ambayo bado yalikuwa na nailoni, kila mmoja akijisogeza nailoni inapiga kelele. Mwenye bucha alikuwepo na aproni yake, kwa sababu Mama Magodoro alikuwa amemwita. Kisu alikuwa amekiacha kazini, ila mikono yake haikuwa mikono ya mtu anayehitaji kisu. Mzee Vyombo alikuwa amekaa karibu na mlango.

Mama Magodoro alimwomba Mkurugenzi arudie yale ya asubuhi, hasa yale ya keshi, wenzake wayasikie. Mkurugenzi hakusita. Alihubiri. Soksi ikawa soksi ya mgonjwa. Noti bandia zikaongezeka. Wanawake wakatikisa vichwa, mmoja akajifuta vidole kwenye kanga.

"Keshi imekufa," alimaliza. "Mfanyabiashara anayekudai keshi zama hizi, muogopeni. Kuna kitu anakificha."

"Mmesikia?" Mama Magodoro aliuliza.

Walisema wamesikia.

"Basi lete mashine moja hapa, mwanangu, nikulipe."

Mkurugenzi alimpa mashine kabla neno la mwisho halijamfikia vizuri. Mama Magodoro akabonyeza bei ya zote nane, akatoa kadi kutoka kwenye pochi, akaiingiza.

"Mama," Mkurugenzi alisema taratibu, "kwa leo tu, kwa sababu ya mambo ya ofisi, ningependelea keshi."

Nailoni zililia pande zote. Watu walikuwa wamegeuka kumtazama.

"Unapendelea nini?" Mama Magodoro aliuliza, kwa sauti ile ya mama anayemuuliza mtoto nani amekula nyama jikoni, huku ameshaona mafuta mdomoni.

Mkurugenzi akasema hakuwa na maana hiyo. Mashine ikafikiri kidogo, ikawasha taa ya kijani, ikalia, ikatoa risiti. Mama Magodoro akachomoa kadi yake, na hapo ndipo Mkurugenzi alipoiona vizuri. Ilikuwa na picha ya mwanamume aliyelala anatabasamu, na chini yake maandishi: DHAMANA YA GODORO. MIAKA KUMI BILA KUBONYEA.

"Mama, hiyo kadi..."

"Ina nini?"

Duka zima likasubiri kujua ina nini. Mkurugenzi alifungua mdomo, akaona mbele yake njia moja tu: ili aseme ubaya wa kadi, ilimbidi kwanza aseme ubaya wa mashine. Mwenye bucha alikuwa amesogea kusikia vizuri. Mkurugenzi akafunga mdomo.

"Ni nzuri," akasema.

"Mashine yako ndiyo imeikubali, siyo mimi. Chukua risiti. Tena nakuona umepata na cha juu, hongera."

Hela zingeingia lini, alimuuliza mbele ya watu, na Mkurugenzi, kwa sauti ambayo haikutoka na ule ukurugenzi wake, akajibu kesho jioni.

Angeondoka wakati huo angekuwa ameumia robo tu. Alikuwa bado na noti za bucha na sarafu za Mzee Vyombo ndani ya koti. Lakini kuna haki katika dunia hii, na kwa kawaida inaletwa na mtu mwenye wivu. Mzee Vyombo alisimama mlangoni, akauliza kwa nini wao wawili walilipishwa keshi ile ya kwenye soksi, wakati wenzao wanalipa kistaarabu na kupewa risiti. Je, wao walionekana washamba?

Mwenye bucha hakuwa amelifikiria hilo. Sasa alilifikiria, na uso wake ukabadilika rangi.

"Hata mimi sina risiti," alisema.

"Mrudishie mtu hela yake alipe upya," Mama Magodoro alishauri. "Si ni yule yule analipa, na bei ni ile ile? Au kuna kitu unakificha?"

Noti zikatoka. Sarafu zikatoka, zote, kwa sababu Mzee Vyombo alikuwa akizijua kwa sura. Mwenye bucha alipopapasa mifuko na kukumbuka kwamba hana kadi, Mama Magodoro alimwazima ya kwake. Kisha akamwazima Mzee Vyombo. Mwanamume wa kwenye picha aliingia mashineni akitabasamu na akatoka akitabasamu, na kila mara taa ilikuwa ya kijani. Wanawake wa kikundi wakampigia Mkurugenzi makofi. Alitoka dukani na begi tupu na risiti tatu, na katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kufanya mauzo makubwa kama hayo kwa siku moja.

Usiku huo hakulala, jambo la kawaida kwenye lile kochi. Kulipokucha alikwenda kwa fundi kuomba mashine nyingine kwa mkopo, mtaa mwingine, mpango ule ule, safari hii bila mahubiri. Alipofika kibandani alisimama. Rafuni mashine zilikuwa zimepangwa vizuri, kumi, zimefutwa vumbi, na mojawapo ilikuwa na harufu ya maini.

"Nani kakuletea?"

"Mama mmoja wa magodoro, na wenzake. Wameniuzia kwa nusu ya ile bei yako," fundi alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiichokonoa. "Watu wazuri. Ila yule mama mgumu. Nilimwambia nitamtumia hela baadaye, akasema yeye siku zote anapokea keshi tu."

Fundi cherehani alikuwa anahamia wakati Mkurugenzi anapita mtaa wa kile chumba. Alikuwa amening'iniza pazia. Pazia lenyewe lilikuwa zuri, limeshonwa vizuri.

Shemeji alikuwa mezani Mkurugenzi aliporudi. Aliuliza kwa adabu kama kuna chochote kilichopatikana cha kuchangia nyumbani, maana mwezi ndio unaisha. Mkurugenzi akatoa risiti zake, akazinyoosha juu ya meza. Shemeji alivaa miwani, akazisoma moja moja, mbele na nyuma, hadi kwenye neno ASANTE.

"Hizi hela ziko wapi?"

"Zinaingia leo jioni, shemeji."

Shemeji alivua miwani. Alilivuta kopo la sukari, akalifungua, akaangaza macho mezani akitafuta kijiko. Mkurugenzi, mtu wa heshima siku zote, akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa cha kwake kile cha chai, akampa. Shemeji akakipima kwa macho kwanza, akaona ni kidogo kuliko cha nyumbani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne akamtazama kaka wa mke wake kwa upendo.

"Hiki," alisema, "tutakitumia kwa sukari yako."