Mlima Ndani ya Ziwa la Asembo

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tisa Asembo Bay, mbali na Bungoma. Kazi: kushusha kamba yenye chuma ziwani, kusoma kina, kumtajia mwenzangu Okello aandike. Mgongo umekwisha. Habari njema! Madam Celestine, mtafiti wetu, anataka mtu mmoja wa kompyuta, ofisini Kisumu. Kwenye kiti! Okello anakitaka pia. Niliishia darasa la nane, lakini akili ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Madam ametuonyesha programu iitwayo R. Unaipa vipimo, inachora sakafu ya ziwa kama shuka lililokunjamana. Theta huzungusha picha, phi huiinamisha, expand huirefusha kwenda juu. Okello aliandika yote. Mimi niliitikia kwa kichwa kama daktari. Kila mtu achore yake. Picha watakayoielewa wavuvi wa hapa Alhamisi ndiyo itampa mwenyewe kiti.

Jumatano, 5 Machi
Picha yangu imetoka shimo. Baya! Nikakagua vipimo: Okello kaweka kistari cha kutoa mbele ya kila namba. Hujuma! Nani anataka ziwa lenye upungufu? Nikafuta vistari vyote. Shimo likainuka, likawa mlima, mzuri kama Elgon wa kwetu. Expand nikaweka tano. Kijani chini, nyeupe kileleni. Okello alichungulia, akauliza: Bwana Wesonga, hiyo theluji ni ya samaki gani? Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Niliwaonyesha wavuvi picha yangu. Mama Adongo, mwenyekiti wao, akauliza mlima huo uko wapi. Nikamwambia kwa fahari: hapa tu, mbele ya ufuo wenu. Akasema marehemu mumewe alivua hapo miaka thelathini na hakuwahi kupanda mlima. Mzee mmoja akataka kujua kama ukifika juu unaona Uganda. Benchi zima lilicheka. Nikazungusha theta ili mlima ujifiche. Ukatokea upande wa pili, mkubwa zaidi! Madam akanieleza polepole, kama mtoto, kwamba kistari maana yake ni chini ya maji. Si wangesema mapema?

Ijumaa, 7 Machi
Okello ameondoka kwenda kukalia kiti. Akaniambia nisikose koti, huko mlimani kuna baridi. Sasa navuta kamba na kuandika mwenyewe. Vizuri! Kumbe Madam ni mtu wa vistari. Leo, mbele ya kila namba, nimemwekea viwili.