Seva Nyumbani kwa Mjomba

Jumatatu, 9 Agosti 2004

Seva imewaka! Inanguruma stoo, kati ya gunia la maharage na baiskeli isiyo na mnyororo. Mtaa mzima wa Bigwa hakuna mwingine mwenye seva nyumbani. Kama yupo, anajificha, na nitamjua.

Sababu ni hii. Jumamosi Elizabeth, mtoto wa dada yangu, anaolewa. Mdogo wake Modesta yuko India anasomea ufamasia, hawezi kuja. Alilia kwenye simu mpaka chai yangu ikapoa. Nikamwahidi, ukoo wote ukisikia, kwamba siku hiyohiyo atafungua kompyuta yake kule na picha zote atazikuta ndani ya seva, nyumbani kwa mjomba wake. Shemeji Yeremia, baba yao, akasema si zitumwe tu kwa barua pepe. Barua pepe! Picha za watoto wetu zikalale kwenye kompyuta za Wazungu wasiojua hata kijiji chetu cha Mkuyuni kiko wapi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Yeremia analijua hilo, na ndilo linalomkereketa.

Jumanne, 10 Agosti

Modesta ameandika. Amejaribu tangu asubuhi, nyumbani kwangu hakufunguki.

Nimekwenda kwenye ofisi ya kampuni ya intaneti. Sikusema nina seva. Nilisema ni ya rafiki. Binti wa kaunta, Shadia, akanieleza kwa upole kwamba mteja wa nyumbani anaruhusiwa kutoka kwenda kutazama vya wengine, ila watu wa nje hawaruhusiwi kuingia kwenye kompyuta yake. Anayetaka seva achukue mkataba wa maofisi. Imeandikwa kwenye karatasi niliyotia sahihi mwenyewe.

Yaani mimi niende kwa watu, watu wasije kwangu. Hata mahabusu anapokea wageni.

Akauliza rafiki yangu anaitwa nani. Nikasema Yeremia, na namba ya simu nikampa ya Yeremia.

Mlinzi wa getini alinitazama sana nilipotoka. Huyo nilimwona stendi ya Msamvu mwezi jana akicheka na Yeremia. Mambo yanaanza kueleweka.

Jumatano, 11 Agosti

Amekuja fundi wa kampuni, eti kukagua antena. Sikumwita. Nikamwahi: seva nikaitupia kitenge cha mke wangu Devotha, nikasema ni cherehani. Akauliza cherehani gani inanguruma bila mtu. Devotha, badala ya kusimama na mumewe, akaenda kucheka jikoni.

Kijana ana adabu lakini. Shikamoo yake ya kuinama. Jina Kibwana, na kumbe Mnyamwezi! Mtani wangu kabisa. Hapo tukaachiana maneno ya kiutani, nikamwambia babu yake alipita hapa na mizigo akashindwa kupanda milima ya Uluguru, akaniambia wangu alijificha huko juu akiogopa kubebeshwa. Akamkamata jogoo wangu, akasema huyu ni haki yake, na sikuweza kununa, utani ndivyo ulivyo. Akiwa getini, jogoo kwapani, akageuka.

"Mtani, nakwambia kweli. Ukiiwasha tena, Ijumaa wanakukatia laini yote. Hizo picha za harusi alizonitajia mama, tuma kwa barua pepe, zitafika."

Nilicheka mpaka machozi. Mnyamwezi amwambie Mluguru kweli! Nilipomaliza kucheka nikashtuka. Barua pepe. Maneno yaleyale ya Yeremia. Wamekaa pamoja hawa.

Alhamisi, 12 Agosti

Ushindi! Kompyuta ina njia nyingi za kuingilia, na kampuni wameziba ile ya kawaida tu. Nimeihamishia seva njia ya uani. Modesta ameingia! Ameiona picha ya majaribio, mimi na suti yangu ya harusi. Ameandika kwamba amefurahi mpaka amewaita wenzake wa hosteli waje waone nyumbani kwao.

Yeremia kapita jioni. Kampuni wamempigia simu wakimwonya kuhusu seva yake, naye hana hata redio nzima. Akaniuliza kama najua lolote. Nikasema siku hizi watu wanaiba hata majina.

Ijumaa, 13 Agosti

Hakuna intaneti. Hakuna barua pepe. Hakuna kitu.

Mtani gani anafanya kweli alichosema?

Jumamosi, 14 Agosti

Misa ilikuwa saa nne. Nilishavaa suti. Nikamwambia Devotha atangulie, nageuza antena kidogo tu, nikamate mnara mwingine. Kamera ilikuwa kwa Yeremia, picha zingekuja baadaye, lakini laini ilitakiwa iwe tayari. Nilimwahidi yule mtoto.

Kidogo kikawa kirefu. Nikiwa juu ya bati nikasikia matarumbeta. Msafara ukapita barabarani, gari la Elizabeth katikati, shela imejaa kiti chote cha nyuma. Nilipunga koleo. Hakuna aliyetazama juu. Nikasema nikaze nati ya mwisho, ndipo niwafuate.

Nilifika ukumbini wanakusanya viti. Devotha alinieleza mengine bila kunitazama. Mjomba aliitwa asimame amkabidhi bibi harusi kwa niaba ya ukoo. Akaitwa tena. Mwishowe akasimama mdogo wangu Jonathan, na Elizabeth akawa anatazama mlango tu. Iliniuma. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumapili, 15 Agosti

Yeremia amekuja baada ya misa, ametulia, hana hata neno baya, jambo ambalo lenyewe linatia shaka. Picha alizituma jana kutoka kwenye duka la intaneti Msamvu. Zimefika zote. Modesta amejibu, na sehemu yangu Yeremia kanichapishia kwenye karatasi:

"Mjomba, nimezitazama picha zote, wewe sikukuona. Unaumwa?"

Nikaisoma tena. Halafu nikaelewa. Yeremia amenifuta kwenye picha!

Devotha akasema sikuwepo. Nikamwambia hilo ni jambo jingine.

Nimeshaamua. Kuna kampuni mpya imefungua mjini. Kesho tunaomba laini, safari hii kwa jina la Devotha, na Elizabeth akijaliwa mtoto, picha za ubatizo zitatoka stoo kwangu. Devotha amekataa kutia sahihi. Kakataa kabisa, hata sababu hasemi.

Sijui Yeremia amempa nini.