Mahindi Kabatini kwa Shangazi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Profesa katangaza: nafasi ya kubaki maabara mwakani ni moja. Sisi ni wawili. Ijumaa kila mmoja aeleze alichogundua kuhusu majani ya mahindi na mwanga mkali. Moyo ulinilipuka paa!

Mwenzangu ni Taratibu. Jina nimempa mimi. Nikimaliza kupima trei nzima, yeye yuko kwenye jani la kwanza, na bado ana muda wa kuniuliza kama nimekunywa chai.

Nikiikosa nafasi hii, habari za maabara nitazisikia redioni tu. Hilo ndilo linaloniuma. Maana ndani ya jani kuna protini ndogo inayofanya kazi na mwanga, na mwanga huohuo unaivunja. Jani linaing'oa, linatengeneza nyingine, linaipachika palepale. Mchana kutwa! Kama fundi anayebadilisha gurudumu gari likiwa linakimbia. Nani anaweza kulijua hilo akalala?

Mbinu: niiumize miche kwa taa kali, kisha niipumzishe gizani. Giza totoro. Mgonjwa gani hupona akimulikwa usoni?

Jumanne, tarehe 5

Nimeiwahi taa kubwa kabla Taratibu hajafika. Miche imechomwa barabara. Nikabana jani kwenye kipimo: kinamulika, jani linarudisha kimwanga kidogo, namba inatokea. Jani zima hutoa karibu nane juu ya kumi. Yangu hayafiki hata tano. Safi!

Taratibu akapita, akaipa miche pole kwa ile sauti yake ya wodini. Kisha akauliza nitaiweka wapi ipone. Ahaa! Mpelelezi. Nikamwambia bado sijui.

Nimeificha nyumbani, kwenye kabati la nguo la shangazi. Trei moja nyuma kabisa, nyingine mbele karibu na mlango. Shangazi akauliza tangu lini mahindi yakavaa magauni. Nikamsihi asilifungue kabati, ni suala la maisha yangu. Akasema sawa mwanangu, basi kesho ataenda kazini amejifunga shuka.

Jumatano, tarehe 6

Msiba! Nimerudi nimekuta mlango wa kabati uko wazi, ufa wa kupitisha mkono. Tangu asubuhi! Shangazi anasema alichukua gauni, akaona mimea inahema kwa shida, akaihurumia.

Nililia. Ndiyo, nililia, uso nimeufutika kwenye sweta lake. Giza langu limechafuliwa! Akaniambia uso wangu una rangi ya hayo majani, nile kitu nijinyooshe kidogo. Sasa kujinyoosha kunahusianaje na protini?

Alhamisi, tarehe 7

Sielewi. Nimepima. Trei ya nyuma, iliyokaa gizani: namba karibu zilezile za juzi. Trei ya mbele, iliyopata mwanga wa ule ufa: imepanda, inakaribia uzima!

Nimepima tena. Nimeazima kipimo cha Taratibu (hakuwapo kuombwa). Vilevile.

Kwa hiyo jani lililoumizwa na mwanga linahitaji mwanga ili lijitengeneze. Si ule mkali. Mwanga mpole, wa mlango ulioachwa wazi. Lakini kwa nini? Nguvu ya kuunda protini mpya ndiyo inayokosekana gizani? Au jani hungoja kwanza dalili kwamba kumekucha? Nimekaa sakafuni kati ya trei mbili mpaka miguu ikafa ganzi. Kwa muda mrefu sana nimesahau kwamba nina mpinzani.

Ijumaa, tarehe 8

Nimewasilisha. Ule ufa nimeuita jaribio la mwanga hafifu. Profesa akauliza niliuandaaje. Nikasema kwa uangalifu mkubwa.

Taratibu akainua mkono, taratibu, akauliza kwa nini pichani mahindi yangu yamefunikwa na gauni la maua.

Maabara nzima hoi! Ikabidi nikiri. Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema swali langu la mwanga hafifu ni zuri kuliko yote aliyosikia, ila kabati si maabara. Nirudie jaribio mezani, mbele ya Taratibu. Matokeo yakirudi vilevile, nafasi ni yangu. Yasiporudi, ni ya Taratibu.

Taratibu akanipongeza. Akajitolea kuniazima meza yake ya dirishani, eti pazia la hapo hupitisha mwanga mpole hasa ninaoutaka. Ukarimu gani huo, kutoka kwa mtu anayesubiri niharibikiwe?

Jumatatu, tarehe 11

Nimebadilika. Hila basi! Miche nimeiumiza hadharani, Taratibu akiandika namba, nikaiweka nyuma ya pazia lake kwa mikono yangu mwenyewe. Akaniambia sasa twende tukanywe chai, majani yanajua kazi yao. Nikamwambia atangulie.

Ndipo nikafikiri. Ugunduzi mkubwa namna hii, umekaa mezani tu, na kila mpita njia ana vidole! Mwanga huu hafifu ndio maisha yangu yote. Hauwezi kuachwa bila ulinzi.

Nimezihamishia trei zote stoo ya chini, ile isiyo na dirisha. Nimefunga, ufunguo uko kwenye soksi. Kabla ya kuondoka nimechungulia kwenye tundu la kitasa: giza tii. Humo hata mwanga haupenyi, sembuse Taratibu!