Jana Imefutwa

Kuanzia Jumatatu hiyo, jana ilifutwa rasmi katika ofisi nzima ya ghorofa ya tatu, mtaa wa Oud Metha, Uarabuni. Waraka ulisomwa kwa kipaza sauti, ingawa wafanyakazi walikuwa sita tu na wote wamesimama mbele ya msomaji.

"Kampuni inayokwenda mbele haitazami nyuma," alisema Meneja Msellem, akakohoa ili makofi yapate nafasi. "Ni marufuku kwa fomula yoyote kutaja thamani ya jana, juzi, ama siku nyingine yoyote iliyokwishajiendea."

Zein alipiga makofi kuliko wote, maana ombi lake la likizo lilikuwa mezani kwa Msellem. Binti yake Rukiya anaolewa Mombasa Ijumaa, na wa kumuozesha ni baba mtu.

Kazi ya Zein ni kuandika fomula za chati za hisa. Kompyuta inachora mstari wa wastani wa bei, fomula inauliza: leo mstari uko juu kuliko jana? Uko juu, inaandika UMEPANDA. Uko chini, UMESHUKA. Na hiyo jana huandikwa kwa mabano madogo yenye namba moja ndani, maana yake rudi nyuma siku moja. Msellem aliyaona mabano hayo kwenye kioo cha Zein, akaelezwa kazi yake, akashtuka kama mtu aliyekuta mende kwenye biriani.

"Sasa sir, mabano nikiyatoa, leo nitailinganisha na nini?"

"Na leo."

"Leo na leo?"

"Leo haina mpinzani, Zein. Yalla, kazi."

Zein akayatoa. Leo ikapimwa na leo, ikaonekana haijazidi wala kupungua. Hisa zote, za benki, za saruji, za majumba, zikaandikwa SAWA. Msellem akaunda Kamati ya Kusherehekea Utulivu wa Soko, mwenyekiti yeye, akaagiza keki.

Metrine wa mapokezi, mtu wa Kakamega asiyejua kumeza neno, alimsogelea Zein na kipande chake. "Mzee, hii soko imetulia ama imezirai?"

"Nyamaza, dada. Likizo yangu bado haijasainiwa."

Jumanne Zein akaingia kwa meneja kuulizia.

"Likizo anapewa mtu kwa siku alizofanya kazi," Msellem alimweleza kwa upole wa daktari. "Siku zako ziko wapi?"

"Zimepita, sir."

"Umeona? Roho inaniuma, lakini waraka ni waraka. Nimekataa."

Jumatano akatokea arbab mwenyewe. Arbab Awadh, mwenye kampuni, mama yake kazaliwa Unguja na Kiswahili chake hakijaingia kutu. Hisa zake za saruji zilikuwa zinaporomoka tangu Jumatatu, na chati ya ofisi yake mwenyewe inamwambia SAWA.

"Msellem, saruji imeanza kuanguka lini?"

"Arbab, hiyo 'lini' ndiyo tuliyoifuta."

Akamsomea waraka wote, kwa kipaza sauti. Arbab alisikiliza huku akizungusha tasbihi, kisha akatabasamu.

"Nimeupenda. Tuanze na wewe. Hapa umeingia lini?"

"Mwaka wa kumi na nne huu, ar..."

"Hiyo imepita. Basi leo ndiyo siku yako ya kwanza. Karibu sana. Utakuwa kwenye majaribio pale mapokezi, huyu dada akufundishe kupokea simu."

Metrine aliinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo hakuipoteza.

Zein akaona upenyo. "Arbab, nina ombi la likizo, namuozesha binti. Bwana Msellem kalikataa."

"Kalikataa lini?"

"Jana."

"Jana ipi?" Arbab akasaini, palepale juu ya boksi la keki. "Khalas. Mpe bibi harusi salamu zangu."

Jioni Zein alipita mapokezi na begi lake. Msellem alikuwa nyuma ya simu mbili, zote zinalia. Akamvuta mkono wa shati.

"Zein, ndugu yangu. Yale mabano yako, yanaweza kumrudisha mtu mpaka Jumapili?"

"Hata miaka kumi na minne, sir, ukiandika namba kubwa," Zein alisema, akabonyeza lifti. "Lakini ni marufuku."